Uzoefu wangu: Raman na NIR ndani ya mashine moja, kwa kahawa ya Moshi

Mashine hii hupima kwa njia mbili: Raman, ambapo leza humulika sampuli na mwanga unaorudi ukiwa umebadilika hueleza molekuli zake, na NIR, yaani mwanga wa infraredi ya karibu, ambapo hupimwa mwanga uliofyonzwa. Nianze na hukumu. Kama kazi yako ni kupima unyevu wa kahawa isiyochanganywa tu, usiinunue. NIR peke yake inatosha: maji yanajitokeza wazi karibu na nanomita 1450, wakati kwenye Raman maji hayaonekani sana.

Raman inalipa kwenye kahawa iliyochanganywa. Robusta ya Kagera ikishakaangwa na kusagwa pamoja na Arabika ya huku Kilimanjaro, macho hayasaidii tena. Kamua mafuta uyapime. Kahweoli, kiambato cha mafuta ya kahawa ambacho Arabika inacho kwa wingi na Robusta kidogo mno, hutoa vilele kwenye 1567 na 1478 cm⁻¹ (kizio cha kiasi ambacho mwanga wa leza umebadilika).

Mashine niliyotumia ina leza ya nanomita 1064. Zipo za 785, lakini kwa leza hizo kahawa hutoa fluoresensi kali, yaani mng'ao wake yenyewe, inayomeza vilele. Ukihamia 1064 usumbufu huo unapungua sana, ila unaulipia: kwa nguvu ileile ya leza unapata takriban 30% tu ya ishara, hivyo muda wa kusoma unarefuka. Faida yake ya pili watu wengi hawaioni. Raman ya 200 hadi 1800 cm⁻¹ hapo huangukia nanomita 1087–1316, yaani ndani ya eneo la ditekta (kipokea mwanga) ileile ya InGaAs, aina ya semikondakta, inayosoma NIR kati ya 900 na 1700. Ditekta moja, kazi mbili. Ndiyo maana taa ya halojeni, inayotoa mwanga wa NIR, lazima izibwe kabisa wakati wa Raman. Mwanga ukivuja, mstari wa chini wa grafu unapanda na programu haisemi kitu.

Kinachoniudhi ni doa la kupimia. Leza hugusa sehemu isiyofika milimita moja, NIR husoma duara la milimita kadhaa, kwa hiyo kwenye unga usio sawa majibu mawili yanaweza kuwa ya vitu viwili tofauti. Saga laini, tumia kikombe kinachozunguka, chukua wastani wa masomo matano au zaidi. Ukiunganisha data, sawazisha kila upande peke yake kwanza (SNV, hesabu ya kusawazisha kila somo, inafaa kwa NIR), kisha ulinganishe uzito wa pande zote mbili. Usipofanya hivyo, upande wenye namba kubwa unaburuza modeli nzima ya hesabu.

Kahawa iliyokaangwa sana huungua chini ya leza. Anza na miliwati 50, upandishe taratibu, na miwani ya kinga ya 1064 isivuliwe. Leza hiyo haionekani, jicho halipepesi.

Kila asubuhi hakiki kwa polistireni, plastiki ya kulinganishia: kilele kikae 1001 cm⁻¹. Kigae cheupe cha NIR, ambacho masomo hulinganishwa nacho, kifunikwe muda wote, vumbi la kahawa lina mafuta na haliondoki kwa kitambaa. UPS (betri ya akiba) ni lazima, maana umeme ukikatika taa inataka tena kama nusu saa kutulia, na kigae kisomwe upya.