Uzoefu wangu na Project Zomboid: mambo ya kujua kabla hujang'atwa

Kati ya gemu zote za kunusurika baada ya dunia kusambaratika, Project Zomboid ndiyo ninayoirudia kila mara, na ndiyo ninayoona watu wakiiacha mapema mno. Mtu anaingia, anang'atwa na zombi, yaani maiti inayotembea, kabla hata hajavuka mtaa wake wa kwanza, kisha anaifuta kwenye kompyuta na kusema inatesa bure. Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Ngumu ni ngumu kweli, lakini karibu kila kifo ndani yake kina chanzo unachoweza kukionyesha kwa kidole, na mara nyingi chanzo hicho ni kelele au uchovu. Mgeni akishaelewa mambo hayo mawili, mengine atajifunza taratibu.

Kwa asiyeifahamu, imetengenezwa na The Indie Stone, studio iliyoanzia Uingereza, na iko Steam, duka la gemu la mtandaoni, tangu Novemba 2013. Mambo yanaanza Julai 1993 huko Kentucky, Marekani, katika eneo la kubuni liitwalo Knox Country ambalo jeshi limelizingira kwa sababu ya ugonjwa unaogeuza watu kuwa mazombi. Muldraugh, West Point na Louisville ni miji iliyopo kweli. Rosewood na Riverside imebuniwa. Unamtazama mhusika wako kutoka juu kwa mshazari, na gemu yenyewe inakutangazia mapema kwamba utakufa. Hakuna kushinda, kuna kudumu tu. Ninayoyaeleza hapa ni ya Toleo la 41, lililotoka rasmi Desemba 2021, kwa kuwa ndilo nililolicheza zaidi. Toleo la 42, lililofunguliwa kwa majaribio Desemba 2024, limeongeza mifugo, vyumba vya chini ya ardhi na ufundi mwingi, lakini kwa anayeanza misingi haijabadilika.

Nianze na kelele. Zombi mmoja hapa si tishio kubwa: anajikokota, ukimsukuma anaanguka. Balaa ni kwamba hakai peke yake. Mmoja akivutwa na sauti, walio jirani wanamfuata, na kundi la watatu linaweza kuwa la kumi na tano kabla hujageuka. Karibu kila unachofanya kina sauti yake na umbali wake. Kukimbia kunasikika. Kuvunja dirisha kunasikika zaidi. Injini ya gari inawakusanya njia nzima unayopita. Kwa hiyo zoea kutembea umeinama kwa kubonyeza herufi C, na mbio uziweke akiba kwa saa ya kuokoa roho.

Ukifika kwenye nyumba, izunguke yote kabla ya kuingia. Jaribu milango, kisha madirisha kwa herufi E, maana mara nyingi kuna moja ambalo halijafungwa. Ikibidi kuvunja, ondoa vipande vya kioo kwenye fremu kabla ya kupanda, la sivyo vitakukata. Baadhi ya nyumba zina king'ora cha wezi. Kikilia, usisubiri kuona nini kitatokea na usirudi kuchukua kile kitu kimoja kizuri ulichokiona jikoni. Toka upande wa pili na uondoke mtaa huo.

Bunduki ndiyo kitu ninachomshauri kila mgeni aiache ndani ya begi. Mhusika asiye na ujuzi wa kulenga anakosa risasi nyingi, na kila risasi inaita mazombi wa mbali. Shotigani ina nafasi yake, tena nzuri, lakini ni ukiwa nje ya mji, umepumzika, na gari lako limewashwa au njia ya kutokea unaijua.

Uzuri ni kwamba kelele hiyo hiyo inakutumikia ukiimudu. Ukibonyeza Q mhusika anaita kwa sauti, na ukiwa umeinama anaita kwa sauti ya chini zaidi. Mbinu ninayoipenda kuliko zote ni ya uzio mfupi. Unasimama upande mmoja, unawaita wachache, wao wanaparamia uzio na kuangukia upande wako mmoja baada ya mwingine. Aliyeanguka unampiga kichwani kabla hajainuka. Ndivyo nilivyosafisha kituo cha zimamoto cha Rosewood nikiwa na rungu la besiboli tu, bila kuingia hata mara moja katikati ya kundi. Raha yake siwezi kuieleza vizuri kwa maneno: ni ile ya kuona akili imefanya kazi ambayo nguvu isingeweza.

Sasa uchovu. Upande wa kulia wa skrini hutokea alama ndogo zinazoeleza hali ya mwili: njaa, kiu, hofu, usingizi, maumivu, kuhema. Mgeni anaziona kama mapambo. Kwa kweli hizo ndizo gemu yenyewe. Alama ya kuhema ikianza tu, mapigo yako yanapungua nguvu na yanachelewa, kwa hiyo zombi aliyekuwa anakufa kwa mapigo mawili sasa anahitaji manne, na kila pigo linakuchosha zaidi. Hapo watu wanaendelea kupiga kwa sababu wamebaki wawili tu. Mimi nasema ondoka hata kama amebaki mmoja. Kata kona, wakupoteze machoni, kisha kaa chini mpaka alama ipotee. Usingizi ni vivyo hivyo: usitoke kwenda kupekua nyumba za watu huku mhusika anapiga miayo.

Mzigo nao unachosha na kupunguza mwendo. Ukipata begi la pili, libebe mkononi, ili mambo yakiharibika uliangushe papo hapo na mikono iwe huru.

Katika silaha, mtaimbo ni rafiki wa kweli kwa sababu unachelewa sana kuharibika. Rungu la besiboli lina nguvu na umbali mzuri. Kikaango kinatosha kwa saa za mwanzo. Muhimu kuliko silaha ni namna ya kusimama: shambulia huku unarudi nyuma kidogo kidogo, sukuma kwa kitufe cha nafasi (Space) anayekaribia sana, mkanyage aliyelala. Na geuka kila mara! Mhusika haoni yaliyo mgongoni kwake, na gemu haikuonyeshi asichokiona yeye. Wengi wanaoamini zombi katokea hewani waliumwa na aliyekuwa nyuma yao muda wote.

Kuhusu majeraha, kuna takwimu zinazofaa kukaa kichwani. Mkwaruzo wa zombi una uwezekano wa asilimia 7 wa kukuambukiza, ngozi kuchanika ni asilimia 25, kung'atwa ni asilimia 100. Dawa haipo. Kwa hiyo mkwaruzo si mwisho wa dunia: chana shati au shuka upate vitambaa, funga jeraha, badilisha kitambaa kikichafuka, endelea na kazi. Nguo nzito kama koti la ngozi hupunguza uwezekano wa meno kupenya, ingawa zinakuongezea joto. Lakini ukishang'atwa, acha kutafuta vidonge. Una muda wa kufanya jambo moja la maana, nalo nitalirudia chini.

Mji wa kuanzia una uzito kuliko watu wanavyofikiri. Chagua Rosewood au Riverside. Rosewood ni mdogo, una kituo cha polisi, na kile cha zimamoto ambacho mara nyingi kina mashoka na makoti mazito. West Point na katikati ya Muldraugh achana nako kwanza, na Louisville usiigusie kabisa. Katika kazi unazoweza kumpa mhusika mwanzoni, zimamoto ni chaguo zuri kwa mgeni, na seremala pia anafaa kwa anayependa kujenga. Kila sifa mbaya unayompa mhusika inakupa pointi za kununulia nzuri, na hapo ndipo watu wanajipakia kiu kali, uziwi na hofu ya damu kwa pamoja ili wapate mwili wa chuma. Usifanye hivyo mwanzoni. Chukua kasoro ndogo kama kusoma polepole, kisha nunua usikivu mkubwa, ambao unakusaidia kutambua wanaokunyemelea kwa nyuma.

Hakuna aibu pia kubadilisha mipangilio. Modi ya Apocalypse ni kali kwa makusudi. Modi ya Builder ni laini zaidi, na ile ya Sandbox inakuruhusu kupunguza idadi ya mazombi au hata kuzima maambukizi kabisa. Ningempa ndugu yangu gemu hii leo, ningemwekea mazombi wachache na kila kitu kingine nikiache kama kilivyo. Ajifunze kwanza kula, kulala na kupiga misumari bila kukimbizwa.

Siku za mwanzo zina mambo yake ambayo hayarudi. Televisheni bado inafanya kazi, na chaneli ya Life and Living inaonyesha vipindi vya useremala, mapishi na mengineyo ambavyo vinampa mhusika ujuzi kwa kuvitazama tu. Kaa nyumbani saa hizo, pazia zikiwa zimefungwa, sauti ikiwa chini. Umeme na maji vitakatika wakati wowote ndani ya takriban mwezi wa kwanza, kwa hiyo jaza maji kila sufuria na chupa unayoikuta. Kula vya friji kwanza, makopo yabaki. Kifungua kopo kikionekana, kichukue hata kama begi limejaa. Ukifikisha kiwango cha 4 cha useremala unaweza kujenga pipa la kukinga mvua, ila maji yake uyachemshe. Jiko usiliache likiwaka ukaenda chumbani, chakula kitaungua na nyumba nayo. Jenereta iwekwe nje siku zote, kwa kuwa moshi wake ndani ya nyumba unaua, na kabla ya kuiunganisha unahitaji kusoma jarida linalofundisha matumizi yake, labda uwe fundi umeme.

Halafu kuna helikopta. Itakuja mapema, itazunguka juu yako na kuvuta mazombi wa eneo zima. Redio ya tahadhari hutaja shughuli za angani, hivyo isikilize kila asubuhi. Kinga yangu ni kuwa na nyumba ya pili iliyo mbali kidogo, yenye maji, chakula na silaha moja, ili ya kwanza ikizingirwa niondoke bila kupigana.

Kasoro zipo. Kupanga vitu kwenye mabegi kunachosha macho, menyu za kitufe cha kulia cha kipanya zimerundikana, na mafunzo ya mwanzo ni mafupi mno kwa gemu yenye mambo mengi hivi. Kompyuta dhaifu itakwama kwenye makundi makubwa ya mjini. Nayasema haya kwa sababu anayenunua ana haki ya kuyajua. Lakini hakuna gemu nyingine ninayoijua inayofanya kopo la maharage na usingizi wa usiku mmoja viwe na thamani kubwa kiasi hiki.

Sasa lile la kung'atwa. Mhusika akifa amekufa, lakini dunia yake inabaki, nawe unaweza kuanzisha mhusika mpya humo humo. Kwa hiyo aliyeng'atwa atumie nguvu zilizobaki kurudisha kila kitu nyumbani: silaha kwenye kabati, vitabu vya ufundi mezani, begi kubwa sakafuni, ufunguo ndani ya gari. Kisha atoke, aende mbali na nyumba. Asipotoka, mhusika wako mpya atakapofungua mlango atamkuta ndani akiwa zombi, na kama vitu vyote alikufa navyo mgongoni, itabidi umuue ndipo uvipate.