Kufunga jina la biashara kwa mfumo wa BRELA ukiwa Kigoma: nyota 4 kati ya 5

Wabia wawili wa Mwanga au Ujiji wanauza dagaa na mawese kwa simu hadi Dar es Salaam, mmoja anajitoa kabla biashara haijasimama, na aliyebaki hana nguvu ya kuendelea. Kwa hali hiyo, ORS, yaani mfumo wa usajili kwa mtandao wa BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni), unafaa sana. Huhitaji kusafiri. Unaingia kwa namba ya NIDA, unaomba kusitisha jina, unachapa fomu, mnasaini, unaiskani na kuipakia.

Tatizo kubwa ni saini. Mbia aliyeondoka kwa hasira hapokei simu, na fomu inamsubiri yeye. Siku anapoaga, kabla hajapanda treni, asaini barua ya kujitoa yenye tarehe pamoja na makubaliano ya nani anachukua mizani, jokofu na namba za wateja, na nani analipa madeni. Naye inamfaa: sheria ya ubia inaruhusu adaiwe hata deni lililokopwa baada ya yeye kuondoka, ikiwa aliyekopesha hakujulishwa kwamba ametoka.

Kikwazo kingine ni steshenari. Wengi walisajiliwa huko, mhudumu akaweka barua pepe na simu yake mwenyewe, kwa hiyo ujumbe wowote wa mfumo unamfikia yeye. Badilisheni taarifa hizo kwanza.

Tunasisitiza: BRELA iwe ya mwisho. Ukifuta jina mapema, benki itauliza akaunti ni ya nani wakati salio bado limo ndani. Anza na wateja waliolipia mzigo ambao haujatumwa. Warudishiwe fedha zao, kisha toa salio la lipa namba na uombe ifungwe. Wafanyakazi walipwe, na michango ya NSSF iliyobaki ipelekwe.

TRA ndiko kwenye kazi hasa. Ubia una TIN yake, yaani namba ya mlipakodi, na kusimama kuuza hakuifungi. Makadirio ya kodi yana awamu 4 kwa mwaka. Usipotoa taarifa ya kufunga, deni linaendelea kuhesabiwa kwa biashara isiyouza hata kilo moja. Andika barua ya kusitisha, wasilisha ritani (taarifa za kodi) zote zilizobaki hata kama mauzo ni sifuri, na kama mna mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti, chapa ripoti ya Z, yaani muhtasari wa mauzo ya siku, ya mwisho kabla ya kuomba iondolewe. Usiondoke bila nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ofisi ya biashara ya manispaa nayo ijulishwe, kuhusu leseni.

Nyota 4 ni za jina la biashara tu. Kampuni ni habari nyingine: inadaiwa ritani ya kila mwaka BRELA hata ikiwa imelala, na kuifuta au kuifilisi kunataka azimio la wanahisa. Hapo lipa wakili.

Na kama mmoja anataka kuendelea peke yake, asifute jina. Abadilishe taarifa za wamiliki kwenye mfumo huohuo, kisha apeleke mabadiliko TRA na benki. Risiti na vitabu vya hesabu vya kipindi cha ubia vitunzwe miaka 5, na kila mbia awe na nakala.