SQLite kwa anayejifunza hifadhidata: rahisi kuwasha, ila inasamehe mno

Wengi wanaoanza kujifunza hifadhidata za uhusiano, yaani zinazopanga data katika majedwali yanayohusiana, hukwama kabla hawajaandika hata SELECT moja (amri ya kusoma data): seva haiwaki, nywila haikubali. SQLite, programu ya hifadhidata isiyohitaji seva, haina hayo. Hifadhidata nzima ni faili moja unayoweza kuibeba kwenye flashi. D. Richard Hipp aliianzisha mwaka 2000, ni ya bure kabisa, na huenda tayari imo kwenye simu yako, kwa sababu Android na iPhone zote huitumia.

Kwenye Ubuntu andika sudo apt install sqlite3. Kwenye Windows pakua furushi la sqlite-tools kutoka sqlite.org. Kisha fungua kwa amri sqlite3 duka.db. Usibofye tu ile programu bila kutaja jina la faili: utakuwa unafanya kazi kwenye kumbukumbu ya muda, na ukifunga dirisha majedwali yote yanapotea. Ikiwa umeshafanya hivyo, andika .save duka.db kabla ya kutoka.

Sasa kasoro yake kubwa kwa mwanafunzi. Tengeneza majedwali mawili:

CREATE TABLE wateja (id INTEGER PRIMARY KEY, jina TEXT NOT NULL);
CREATE TABLE mauzo (id INTEGER PRIMARY KEY, mteja_id INTEGER NOT NULL REFERENCES wateja(id), kiasi INTEGER NOT NULL);

Ingiza mauzo ya mteja namba 99 ambaye hayupo. SQLite itapokea bila kunung'unika, kwa kuwa ulinzi wa ufunguo wa kigeni (safuwima inayorejelea safumlalo ya jedwali jingine, kama mteja_id hapa) huwa umezimwa tangu mwanzo. Uwashe kwa PRAGMA foreign_keys = ON; na uuwashe upya kila unapofungua faili, au weka mstari huo kwenye .sqliterc, faili la mipangilio ambalo sqlite3 hulisoma inapowaka, ili ujiwashe wenyewe. Ukiandika amri hiyo katikati ya muamala (kundi la amri zinazokamilika zote au kufutwa zote) ulioanza kwa BEGIN, haifanyi kitu wala haitoi onyo. Vilevile haikagui data mbovu iliyokwisha kuingia; hiyo isake kwa PRAGMA foreign_key_check;

Aina za data nazo ni hivyo hivyo. Andika 'elfu tano' kwenye kiasi, itapokelewa japo safuwima ni ya INTEGER, na SUM, yaani kujumlisha, itaihesabu kuwa sifuri. VARCHAR(5) nayo haizuii herufi ya sita. Dawa ni neno STRICT baada ya mabano ya mwisho ya CREATE TABLE, linalopatikana kuanzia toleo la 3.37 la mwaka 2021. Ukishaliweka, VARCHAR inakataliwa, tumia TEXT. RIGHT JOIN, moja ya njia za kuunganisha majedwali mawili, kwa upande wake inahitaji 3.39 au zaidi, kwa hiyo kabla ya kulaumu somo angalia SELECT sqlite_version();

Mahali inapong'ara ni kwenye faharasa (index), orodha inayosaidia kupata safumlalo haraka. Tanguliza EXPLAIN QUERY PLAN mbele ya SELECT * FROM mauzo WHERE mteja_id = 3; utaona SCAN, yaani jedwali zima linapekuliwa. Sasa andika CREATE INDEX mauzo_mteja ON mauzo(mteja_id); kisha urudie. Jibu linageuka SEARCH. Hapo mwanafunzi anajionea pia kwamba REFERENCES peke yake haitengenezi faharasa, jambo ambalo hata watu wa kazini hulisahau.

Isichoweza kufundisha ni watumiaji na ruhusa: GRANT, amri ya kutoa ruhusa, haimo kabisa. Anayeandika data pia ni mmoja tu kwa wakati mmoja. Fungua madirisha mawili, anza BEGIN IMMEDIATE kwenye la kwanza, na la pili likijaribu kuandika litaambiwa "database is locked". Kuona kufuli ni somo zuri, lakini PostgreSQL, hifadhidata inayoendeshwa kwa seva, hufunga safumlalo inayobadilishwa tu, na huko ndiko hali halisi ya mfumo wa watu wengi inakoonekana.

Kwa hiyo itumie kwa SELECT, JOIN, GROUP BY na miamala, kisha uhamie PostgreSQL. Toa data kwa sqlite3 duka.db .dump > duka.sql, ufute mstari wa PRAGMA na maneno STRICT. GROUP BY zako zikague: safuwima isiyo ndani ya SUM wala kwenye GROUP BY, SQLite huichagulia thamani yoyote, PostgreSQL huikataa. Na INTEGER PRIMARY KEY haitajihesabia namba huko mpaka uongeze GENERATED BY DEFAULT AS IDENTITY.