GeoGebra kwenye simu: hatimaye sin 3x imeeleweka

Jioni nafundisha twisheni ya hesabu, vijana sita wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) kidato cha tano, meza moja. Kila mwaka tunakwama palepale. Ukiwapa y = sin 3x watafute derivativu, yaani fomula ya mteremko wa grafu kila mahali, nusu yao wanaandika cos 3x na kalamu wanaweka chini. Kanuni ya mnyororo wanaighani vizuri tu, "ya nje kwanza, kisha zidisha kwa ya ndani", ila wakishika karatasi, ile ya ndani, yaani 3 ya 3x, haionekani.

Mwaka huu nimechoka kugomba, nikapakua GeoGebra, programu ya kuchora grafu. Ni bure, na ikishaingia kwenye simu inachora hata bando likiisha. Niliandika f(x) = sin(3x), nikamwambia mmoja aweke tanjenti, mstari unaogusa grafu, pale x = 0. Mstari ukasimama kama mnazi. Mteremko: 3. "Haya, cos 3x yako hapo sifuri inatoa ngapi?" Akapiga: 1. Akaguna, akavuta daftari, akaiandika 3 mwenyewe mbele: 3 cos 3x. Wimbi limebanwa mara tatu kwa upana, kimo ni kilekile, sasa lisipande kwa kasi mara tatu lipande vipi? Nimelisema hilo kwa mdomo miaka yote, na mdomo haujawahi kutosha.

Utamu zaidi uliletwa na kosa. Binti mmoja aliandika sin(x°), grafu ikalala chali karibu na sifuri, akadhani simu imeharibika. Mteremko hapo ulikuwa kama 0.017. Tukakaa nalo hilo nusu saa nzima, mada nyingine ikasubiri. Alama ya nyuzi huzidisha x kwa π/180, kumbe hapo ndani nako kuna mnyororo! Tangu siku hiyo sijaulizwa tena kwa nini tunang'ang'ania radiani badala ya nyuzi.

Tofauti ya sin² x na sin(x²) haikuhitaji hata maelezo: ya kwanza haizami chini ya sifuri, ya pili inazidi kubanana kadiri unavyokwenda kulia, maana ile 2x ya mbele kwenye derivativu yake, 2x cos(x²), nayo inakua.

GeoGebra mimi huitumia kuhakiki tu. Kwanza daftari, hatua zote, ndipo simu itoke mfukoni. Jana niliwapa cos(sin 2x). Watano wamefika −2 cos 2x sin(sin 2x). Wa sita kasahau alama ya kutoa, lakini ile 2 anayo.