Daktari aliyetibu jicho la paka wangu bila kuinuka kwenye kiti

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie.

Paka wangu Chausiku alianza na chafya. Nikasema mafua tu, yatapita. Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia Kigamboni, mwanangu naye kaokota kipaka kingine huko mtaani, nyumba vurugu tupu. Siku mbili tatu baadaye jicho la kushoto likafumba, matongotongo yamegandana, akiona mwanga anakimbilia chini ya kabati. Jirani akanishauri nimsafishe kwa chai ya rangi. Nilimsafisha, nakiri.

Nikamtia kwenye kapu, tukavuka na pantoni, analia mwanzo mwisho na abiria wananitazama kama nimeiba mtoto wa mtu. Kliniki yenyewe iko mjini, siitaji. Benchi nimelikalia mpaka nikasinzia. Naingia, daktari yuko nyuma ya meza, simu mkononi. Kapu nimeliweka sakafuni, hatua kama nne kutoka alipo. Akanyoosha shingo. Basi, uchunguzi ndio huo.

"Dada, hiyo ni mzio," anasema huku anaandika.

Nikamwomba amwangalie kwa karibu. Akacheka. "Si paka tu huyu? Unahangaika kama umeleta mgonjwa Muhimbili!"

Elfu thelathini na tano, kichupa cha matone, kwaheri. Hakumgusa. Hata kope hakuifunua! Fundi wa viatu pale Kariakoo hukigeuza kiatu mara mbili kabla hajataja bei.

Kijana wa mapokezi, wakati ananirudishia chenji, akainama akalitazama jicho, akaninong'oneza: "Dada, hii dawa isubirishe kwanza. Mpeleke kwingine wakammulike kwa taa." Mimi na ubishi wangu nikajiambia, huyu anapokea hela tu, dawa anaijulia wapi? Nikaweka matone siku mbili. Siku ya tatu jicho lilikuwa na ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Mzee niliyempata baadaye, kwa kuelekezwa na mtu, nilimwamkia shikamoo na kabla hajamaliza marahaba kashapiga goti mbele ya kapu. Akaniuliza maswali ya ajabu: mmehama? Kuna paka mpya? Alikuwa anapiga chafya? Kisha akatoa kikaratasi chenye ncha ya rangi ya chungwa, akakilowesha, akakigusisha jichoni, akazima taa ya chumbani na kuwasha ya bluu. Akaniita: "Njoo uone, mwanangu." Juu ya kioo cha jicho palikuwa na mistari ya kijani imetawanyika kama matawi ya mti uliopukutika. Vidonda. Akasema hivyo ni virusi vya hepesi vya paka. Paka wengi huvipata wakiwa wadogo, vikajificha kwenye neva maisha yao yote, halafu paka akisumbuka, kama kwa kuhamishwa au kuletewa mwenzake, vinaamka. Binadamu havitupati.

Nikamwonyesha kile kichupa. Akasoma lebo, akanyamaza kidogo. Deksamethasoni, aina ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe inayoshusha kinga. Kumbe steroidi kwenye kidonda cha virusi ni kumwagia moto petroli, jicho linaweza hata kutoboka.

Akaandika famsiklovia, dawa ya kupambana na virusi, vidonge vya binadamu hivyo, nikazunguka maduka ya dawa mpaka miguu ikavimba. Akanionya nisikubali kuuziwa asiklovia ya kumeza badala yake, kwa paka ni sumu. Ikaongezwa na dawa ya kupaka ya kuzuia bakteria, na kola ya plastiki asijikwaruze. Vidonge nilivificha ndani ya samaki. Anakula samaki, kidonge anakitema pembeni, kisafi kabisa. Wiki tatu za vita.

Jicho limepona, limebaki na kovu jeupe dogo. Mzee naye si malaika: bei yake ilinitoa jasho, na simu hapokei.

Ile kliniki ya kwanza nilitaka kuipa nyota moja. Basi ziwe mbili, za yule kijana, angekuwa ndiye daktari ningewapa tano. Hapana, nikikumbuka kile kicheko narudi kwenye moja. Ingawa, kusema kweli, dawa niliiweka kwa mkono wangu mwenyewe baada ya kuonywa.

Kichupa kiko juu ya friji, kimebaki nusu. Nangoja siku nikiwa na shughuli mjini nimrudishie. Nitasimama hatua nne kutoka mezani, mkono nimeunyoosha, mpaka ainuke akipokee.