Uzoefu wangu: Roma siku moja na kundi, Colosseum asubuhi, Vatikani mchana

Ziara niliyoichukua ni ya siku nzima, watu 20 na mwongoza watalii mmoja, kwa miguu na metro, yaani treni ya chini ya ardhi. Naipa nyota nne. Wengi huikwepa kwa sababu haina basi, kumbe mabasi makubwa ya watalii hayaingii katikati ya Roma bila kibali. Yanakushusha mbali na unatembea vilevile. Metro inakutoa kituo cha Colosseo, ukitoka tu jengo liko mbele yako. Tiketi ni yuro 1.50 na hudumu dakika 100, ila kwenye metro unaitumia safari moja tu.

Unacholipia hasa ni tiketi za kuingilia. Ya kawaida ya Colosseum, ule uwanja wa kale wa maonyesho, ni yuro 18, pamoja na Forum (magofu ya mji wa kale) na kilima cha Palatino, lakini zinaanza kuuzwa siku 30 kabla na huisha haraka. Isitoshe, kila tiketi ina jina na saa, na mlangoni wanalinganisha na pasipoti. Hapo ndipo watu wetu hukwama: pasipoti ina majina matatu, fomu ina nafasi mbili, mtu anajaza jina analoitwa mtaani. Andika jina la kwanza na la ukoo kama yalivyo kwenye ukurasa wa picha, herufi kwa herufi. Jina moja tu lilituchelewesha sote getini karibu nusu saa, na muda huo haurudishwi. Ukakatwa kwenye Palatino, tukauona mlima kwa chini. Nyota ya tano imebaki hukohuko.

Chupa za kioo na mabegi makubwa haviruhusiwi Colosseum, na hakuna pa kuyaacha. Ukishaingia, sogea hadi ukutani uangalie yale matundu yaliyotapakaa kwenye mawe. Si risasi wala mvua. Mawe yalifungwa kwa vipande vya chuma, na Zama za Kati watu wakavichokoa wakaenda navyo. Jengo alilolizindua Kaizari Tito mwaka 80 likageuka stoo ya vyuma chakavu.

Kila mtu hupewa kidude cha redio cha kuning'iniza shingoni ili amsikie mwongozaji. Kabla ya kuondoka hakikisha namba ya chaneli ni ileile ya kundi na betri imejaa. Kuta nene zinakata mawimbi: ukibaki nyuma kwa kona moja, unasikia mkwaruzo tu. Njoo na earphone zako za waya, zile za kwenye kifurushi huanguka ukigeuza kichwa.

Maji usinunue. Mji una mabomba ya chuma zaidi ya 2,000 barabarani, wenyewe wanayaita nasoni, na maji yake ni baridi na salama. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yataruka kutoka tundu dogo la juu, unakunywa bila kuinama.

Chakula cha mchana hakimo kwenye bei, na ni dakika 50 tu. Pizza ya kukatwa huuzwa kwa uzito, na bei iliyobandikwa mara nyingi ni ya gramu 100, inayoandikwa "etto". Onyesha kwa mkono kipande unachotaka kabla kisu hakijashuka. Kwa asiyekula nguruwe: tambi za carbonara, amatriciana na gricia zote hupikwa kwa nyama ya shavu la nguruwe. Za cacio e pepe ni jibini na pilipili manga tu.

Mchana ni Vatikani. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia. Kanga moja mkobani inamaliza kazi. Jumapili makumbusho hufungwa, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, na hiyo huishia mapema mchana, kwa hiyo ratiba hii haiwezekani.

Kosa kubwa ni begi. Begi kubwa au mwavuli mrefu unaachwa kwenye chumba cha mizigo pale unapoingilia makumbusho. Makundi yenye mwongozaji kwa kawaida hupita mlango wa kulia ndani ya Kikanisa cha Sistina na kutokea moja kwa moja kwenye Basilika la Mtakatifu Petro, bila foleni ya pili ya ukaguzi. Mwenye begi kule nyuma hawezi: atarudi alikoingilia, azunguke ukuta kwa miguu kama robo saa, kisha apange foleni upya. Njoo na kipochi kidogo tu. Hata hivyo mlango huo hufungwa wakati wowote bila taarifa, na kampuni inayokuahidi kwa asilimia mia inakudanganya.

Ndani ya Sistina hakuna picha wala maneno, hivyo maelezo yote hutolewa kabla. Sikiliza vizuri, la sivyo utaangalia michoro ya dari dakika 15 bila kujua unatazama nini. Kupanda kuba la Basilika hakumo kwenye bei: ngazi 551, au 320 ukianza na lifti.

Ziara inaishia kwenye uwanja ulio mbele ya Basilika, penye mnara wa jiwe ulioletwa kutoka Misri enzi za Kaligula. Usiondoke na wenzako mara moja. Kati ya mnara na kila moja ya chemchemi mbili za uwanja kuna duara la jiwe sakafuni. Simama juu yake utazame nguzo zinazozunguka uwanja upande huo: safu zake nne zinajipanga, unaona ya mbele tu, nyingine zote zinatoweka nyuma yake. Piga hatua moja pembeni, zinarudi.