Uzoefu wangu: Krismasi ndani ya boti ya matanga, visiwa vya Grenadines

Tulikodi boti ya matanga Saint Vincent, huko Karibiani, kipindi cha Krismasi na Mwaka Mpya, familia yangu na ya wifi yangu, tukapewa nahodha na mpishi wa hukohuko. Ndugu kadhaa wa hapa Kanada wameniuliza kama zile pesa zilistahili. Zilistahili, na sababu kubwa ni nahodha. Ukiwa na cha kuongeza, usikitie kwenye boti kubwa zaidi. Omba nahodha aliyekulia kwenye maji yale, na umwombe mapema, maana wazuri huchukuliwa miezi mingi kabla ya Desemba.

Mimi ni mtu wa Tanga, upepo wa kaskazi naujua. Karibiani nayo Desemba upepo unatoka kaskazini-mashariki, na wenyeji wanauita upepo wa Krismasi kwa sababu unakaza wiki za mwisho wa mwaka na kuendelea Januari. Kilomita 40 kwa saa mchana kutwa ni jambo la kawaida, na ukija kwa vishindo unapita 50. Msimu wa vimbunga unakuwa umeisha, rasmi unafungwa tarehe 30 Novemba, kwa hiyo mvua ni za kupita tu na jua lipo. Ila bahari imechangamka. Kati ya Saint Vincent na kisiwa cha Bequia ni kama maili 9 za bahari, na mlango ule uko wazi kwa Atlantiki: mawimbi yanaingia yatakavyo na mkondo unawasukuma magharibi. Wifi alikataa vidonge vya kichefuchefu asubuhi ile. Tulipofika katikati akawa ameshika ndoo, na vidonge vikinywewa wakati huo havisaidii kitu. Vinywe kabla ya kung'oa nanga, kisha kaa nje na uangalie mbali. Usishuke chini kusoma simu.

Boti yetu ilikuwa katamarani ya futi 45, ile yenye miili miwili iliyounganishwa. Kwa watu wenye watoto naipendekeza, kwa sababu hailali upande na ikiwa imetia nanga hailewilewi sana. Jikoni liko juu, hewa inapita.

Jioni ya kwanza tuliingia ghuba ya Admiralty Bay, Bequia. Likizo ghuba hiyo inajaa, boti zimetoka kila upande, nyingine ndiyo kwanza zimevuka Atlantiki. Kijana mmoja akatusogelea na mashua yake iliyopakwa rangi nzuri, akataka tufunge kamba kwenye boya lake. Nahodha akamshukuru, akanunua mkate wake, lakini boya akakataa. Akatueleza kwamba maboya mengine chini yake hakuna la maana, na usiku wenye upepo ndipo utakapojua. Akazunguka taratibu karibu na ufuo wa Princess Margaret akitafuta kiraka cheupe cha mchanga, maana kwenye majani ya bahari nanga haishiki vizuri. Maji yalikuwa kama mita 5; akateremsha mnyororo zaidi ya mita 30. Akairudisha boti nyuma kwa injini, kidogo kidogo, akaenda omo, mbele kabisa ya boti, akapiga goti na kuweka kiganja juu ya mnyororo. Akamwita mwanangu naye aweke mkono: ukitetemeka ujue nanga inaburura, ukitulia imeshika. Halafu akavaa miwani ya kuzamia, akaruka majini kuiona kwa macho yake. Usiku ule ule boti ya jirani iliburura ikaja upande wetu. Tulipotoka vyumbani na mihemko yetu, nahodha alishafika nje zamani, ameshaning'iniza maboya ya ubavuni ya kukinga boti zisigongane na anawamulika tochi wenzake waamke. Hakuna kilichogusana.

Kuhusu kampuni, sina sifa nyingi. Tangazo lao lilisema boti ina mashine ya kugeuza maji ya bahari kuwa maji matamu. Mashine ilikuwepo, lakini tangu siku ya kwanza haikutoa hata tone. Watu wanane kwa tangi peke yake ni kupimiana: unajilowesha, unafunga, unajisugua, unafungua kujisuuza. Bequia tulinunua maji kutoka kwenye boti inayozunguka bandarini kuyauza. Nahodha aliwapigia simu kila siku mpaka wakatupunguzia bili. Kabla hujalipa, waambie wakuthibitishie kwa maandishi kwamba mashine hiyo inafanya kazi.

Choo cha boti ni cha pampu na bomba lake ni jembamba. Karatasi haitupwi humo hata kipande, ina kikapu chake. Chumbani kuna joto, unalala umefungua kidirisha cha juu, na saa nane za usiku manyunyu yanakuamsha ukifunge. Kamba za matanga zinagonga mlingoti. Mwambie nahodha azifunge mbali nao.

Krismasi yenyewe ndiyo niliyoipenda kupita kiasi. Saint Vincent wana sherehe ya asubuhi tisa, kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba, ambapo watu wanatoka alfajiri mapema kabla jua halijachomoza, muziki mitaani, baiskeli, kuimba, kisha wanaelekea kazini. Mpishi ndiye aliyetuamsha Kingstown, mji mkuu wao, twende. Asubuhi ya Krismasi tukashuka kwa mashua ya mpira hadi Port Elizabeth, mji wa Bequia, viatu vya kanisani tumevitia kwenye mfuko, tukasali St Mary's, kanisa la Kianglikana kama letu la nyumbani. Nyimbo nilizijua zote.

Mezani tulikuta juisi nyekundu ya Krismasi ambayo ni rosela tupu, ile ile ya kwetu, wao wanaitia tangawizi na karafuu. Mpishi akachoma shelisheli juu ya moto mpaka ganda likawa jeusi, akalimenya, ndani jeupe linafuka mvuke, akaliandaa na samaki wa kukaanga. Mashelisheli yaliletwa Saint Vincent na Kapteni Bligh, nahodha Mwingereza, mwaka 1793, yawe chakula cha watumwa wa mashamba ya miwa. La pili nikaomba nipike mimi, kwa tui la nazi na chumvi tu. Alirudia sahani, akaniandikisha namna ya kulipika.

Tobago Cays ni hifadhi, visiwa vidogo visivyokaliwa na watu nyuma ya mwamba wa matumbawe. Pale maboya ni ya hifadhi na ada inalipwa. Upande wa Baradal, kimojawapo cha visiwa hivyo, kasa wanakula majani chini yako; usiwaguse, ogelea pembeni. Jioni wenyeji wanachoma kamba-koche ufukweni. Wengi wanatoka visiwa jirani vya Union Island na Mayreau, ambako kimbunga Beryl kilibomoa karibu kila nyumba tarehe 1 Julai 2024. Tafadhali, nunua kwao. Mkate, samaki, barafu, chochote wanachowaletea botini, kabla ya kujaza friji kwa vitu vya supamaketi ya Kingstown.

Bei ya wiki za sikukuu iko juu sana kuliko ya Novemba, na bado kuna mafuta, ada za hifadhi na chakula. Beba taslimu ya dola za Karibiani Mashariki, 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Bakshishi ya mabaharia, wengi hutoa asilimia 15 hadi 20 ya bei ya kukodi, na wetu waliistahili.

Kurudi kaskazini ndiko kulikotuchosha: unakwenda joshi, kuelekea upepo unakotoka, boti inapiga mawimbi kwa kishindo, maji yanaruka hadi kwenye usukani, watoto wamenuna. Tukijaliwa kurudi tutakodi ya kushuka tu, kutoka Saint Vincent, tugongewe pasi muhuri wa kutoka nchini huko Clifton, bandari ya Union Island, tuingie Carriacou, kisiwa cha nchi ya Grenada, tumalizie Grenada yenyewe na kupanda ndege huko. Kuna malipo ya kuiacha boti bandari nyingine. Nitayalipa.